Familia yangu haitaki nipande Batian, kilele cha Mlima Kenya. Niwasikilize au nishike langu?

Bi Tatu, hujambo, na pole na kazi.

Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Kariobangi South na mama na mdogo wangu wa kiume. Ni karani wa hesabu kwenye kampuni moja ya Industrial Area. Sina mtoto, sinywi, kanisani naenda. Nayasema haya mapema kwa sababu nyumbani siku hizi nazungumziwa kama mtu aliyeharibika.

Shida yangu ni mlima. Mwaka juzi tulienda Mlima Kenya na wenzangu wa kazini tukafika Lenana, kile kilele ambacho mtu hufika kwa miguu tu. Wengi walirudi wakiapa hawakanyagi tena. Mimi nilisimama pale jua likichomoza, nikawa naangalia Nelion na Batian tu, vile vilele viwili vya mwamba vya jirani, hata picha nilisahau kupiga. Tangu hapo nimejifunza kupanda mwamba kwa kamba. Nilianzia kwenye ukuta wa mazoezi hapa mjini, nikawa naenda kwenye miamba ya Lukenya kila nikipata Jumamosi, na Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba kule Hell's Gate, nimeshaipanda. Mshahara umeishia humo. Jaketi ya baridi nilipata Gikomba kwa bei ya bure, lakini kofia, mkanda na kila kitu kinachobeba uzito wangu nimenunua kipya.

Sasa tumejipanga watu watatu, mimi na vijana wawili niliokutana nao kwenye grupu la WhatsApp la wapenda milima. Tunataka kupanda Nelion, tuvuke hadi Batian, turudi. Ni Pasaka, mwezi wa nne, kwa sababu ofisi inafungwa na nina siku mbili za likizo za kuongezea. Tunatoka Nairobi Alhamisi usiku, Ijumaa tunaingilia Naro Moru, Jumamosi tunalala kwenye kibanda cha Austrian Hut, na Jumapili saa kumi alfajiri tunaanza mwamba. Kukodi kiongozi wa kutupandisha tumeona ni gharama tu. Mmoja wetu ameshapakua njia yote kwenye simu.

Nyumbani ni moto. Shangazi aliona picha yangu Facebook nikining'inia, akampelekea mama. Mjomba akaitisha kikao. Alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akamtaja Cheruiyot Kirui, yule Mkenya aliyefia Everest, akaniuliza kama nataka mama aanze kupitisha bakuli la kuleta maiti. Shangazi anauliza ni mwanamume gani ataoa mwanamke wa kuparamia mawe. Kanisani kuna mama aliyeniambia namjaribu Mungu. Kazini naitwa Tumbili. Mpenzi wangu hajakataa wala hajakubali, ananyamaza tu.

Hata watu wa mlima wana wivu. Kuna kaka mmoja wa Naro Moru, kiongozi, ndiye aliyetupeleka Lenana. Nilimwandikia kumweleza mpango wetu, akanijibu: “Mwezi wa nne hapana. Na wewe bado.” Basi. Nadhani amekasirika kwa sababu hatukumkodi.

Nimefikiria niwaambie nyumbani naenda semina ya ofisi Naivasha, niende zangu, nirudi na picha waone wenyewe. Kuna wasichana wadogo kuliko mimi waliozunguka dunia kwa mashua peke yao huku wakitukanwa, na leo wanapewa heshima. Je, nakosea kushika langu wakati kila mtu ananipinga?

Nilisahau: karo ya mdogo wangu, yuko mwaka wa pili chuoni, nalipa mimi.

Mwenye Kamba, Kariobangi South

---

Mwanangu Mwenye Kamba,

Umenihesabia watu wengi wanaokupinga, na karibu wote unaweza kuwapa chai ukaendelea na mambo yako. Asiyeweza kupuuzwa ni yule kaka wa Naro Moru, na ndiye uliyemwita mwenye wivu.

Hao wengine niwamalize haraka. Shangazi anahofia ndoa yako. Mwache ahofie, mwanamume anayetishwa na mwanamke anayejua kufunga fundo atakusumbua hata ukikaa chini. Mama wa kanisani amesema la kwake. Tumbili ni mzaha wa ofisi. Mjomba naye ana ukweli mkononi ila ameushika vibaya. Ni kweli Kirui alifia Everest Mei 2024, karibu na kilele, na kiongozi wake wa Kinepali hakurudi pia. Lakini alikuwa anajaribu kufika mita 8,849 bila hewa ya mtungi, jambo ambalo hata wengi wa wanaofika kileleni hawalithubutu, na alikuwa mtu mzima aliyeijua milima. Sipendi jina la marehemu ligeuzwe fimbo ya kuchapia vijana. Mlima huohuo, Mei 2022, ulipandwa na James Kagambi akiwa na miaka 62, Mkenya wa kwanza kufika juu yake. Mjomba akiitisha kikao kingine mtajie huyo pia. Ila usiishie hapo, mwambie na sehemu usiyoipenda: Kagambi alikuwa ameishi milimani miaka mingi, akiwafundisha wengine.

Sasa wasichana wa mashua, kwa kuwa umewaleta wewe mwenyewe. Jessica Watson wa Australia alikuwa na miaka 16. Septemba 2009, akiwa kwenye safari ya majaribio tu, mashua yake iligongana usiku na meli kubwa ya mizigo, mlingoti ukavunjika. Unaweza kufikiria walivyomsema. Akarudi, akatengeneza mashua, akaondoka Sydney Oktoba, akarejea tarehe 15 Mei 2010, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 17. Huyo ndiye unayemkumbuka. Mwezi uleule aliporudi, msichana mwingine wa miaka 16, Abby Sunderland wa Marekani, alikuwa Cape Town. Aliondoka California Januari, vyombo vikamharibikia njiani, akalazimika kutia nanga kutengeneza. Alipong'oa nanga tena ilikuwa Mei, majira ya baridi ya kusini yanaingia. Mabaharia walisema waziwazi kwamba Bahari ya Hindi ya kusini si mahali pa kuwa wakati huo. Juni mlingoti ukavunjika katikati ya bahari. Ndege ilitumwa kutoka Australia kumtafuta, na meli ya uvuvi ya Wafaransa ndiyo iliyomfikia. Katika kumwokoa, nahodha wa meli hiyo naye alitumbukia majini, akavutwa kwa shida.

Wote wawili walikuwa na umri mmoja, wote walizoea mashua tangu utotoni, wote walitukanwa na watu waliokaa kwenye makochi. Waliosema “ni mtoto” na “ni msichana” hawakuwa na la maana la kumwambia yeyote kati yao. Waliosema “si majira” walikuwa nalo.

Ndiyo maana nakurudisha kwa yule kaka. Amekuandikia maneno saba. Tuyachukue ya kwanza, mwezi wa nne.

Mlima Kenya umekaa karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua humulika upande mmoja wa miamba nusu ya mwaka, kisha huhamia upande wa pili. Njia ya kawaida ya Nelion iko kusini, na hukauka kuanzia mwisho wa Desemba hadi mapema Machi. Njia ya kawaida ya Batian iko kaskazini, hukauka kuanzia Julai hadi Septemba hivi. Aprili haina upande. Ni masika. Mvua unayoiona Kariobangi ikijaza mitaro, kule juu ni theluji. Maji huingia kwenye nyufa za mwamba, usiku yanaganda, na zile nyufa unazotegemea kutia vidole na vyuma vyako unazikuta zimezibwa na barafu. Lukenya ukikuta jiwe limelowa unarudi kwenye gari. Nelion ukilikuta limelowa katikati ya ukuta, na wingu limeshashuka, na jua linatua saa kumi na mbili na nusu, unarudi wapi?

Tena kushuka huko ni kwa kamba, kipande kwa kipande, mara nyingi. Kamba ikinasa juu yako gizani, mtu mmoja lazima apande tena kuinasua. Waulize hao vijana wawili nani kati yao ameshafanya hivyo. Usiwaulize kwenye grupu, waulize ana kwa ana, ukiwaangalia. Na waulize nani atasema “turudi” na wengine wakatii bila mjadala. Kama jibu ni “tutaona hukohuko”, hao ni marafiki wazuri wa Lukenya. Simu yenye njia yote ndani yake, baridi ya kule huila betri mchana kweupe.

Kisha “bado”. Nimeipitia ratiba yako kwa kalamu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Austrian Hut iko mita 4,790. Mnataka kutoka hapa Alhamisi usiku na Jumamosi mlale kule, Jumapili alfajiri mwanze kazi ngumu kuliko zote mlizowahi kufanya. Wanaojua mambo ya mwinuko hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 hivi juu ya ulikolala jana. Mwili unahitaji siku, na hauna habari kwamba mwaka juzi ulifika Lenana. Kuumwa kichwa na kukosa hamu ya chakula ni kawaida. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au akakohoa na kukosa pumzi hata ameketi, hiyo ni dharura, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, usiku huohuo. Kwenye njia ya Lenana wapagazi wawili wanaweza kumshika mkono mgonjwa wakateremka naye. Kwenye ukuta wa Nelion mko watatu, mmoja hajui aliko, wawili waliobaki wanamshushaje?

Na kwa kuwa mnapanga kulala Austrian Hut, ni vizuri ujue kwa nini kibanda kina jina hilo. Septemba 1970 madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika Batian. Wakianza kushuka, jiwe alilolishika Judmaier lilichomoka, akaanguka, mguu ukavunjika vibaya. Mwenzake alimfunga jeraha, akamwacha na maji kidogo, akashuka kutafuta msaada. Wapandaji wa hapa Kenya walipanda wakamfikia, lakini kumteremsha mtu aliyevunjika mguu kwenye ukuta ule kuliwashinda kwa siku nyingi, theluji ikishuka, vifaa vikiisha. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, aliyekuja kusaidia kwa helikopta, alianguka nayo akafa. Mwishowe kikosi kiliruka kutoka Austria kwenyewe, na baada ya zaidi ya wiki nzima Judmaier akashushwa akiwa hai. Kibanda kilijengwa kwa fedha za kutoka Austria, kama shukrani.

Ona sasa, hao walikuwa wapandaji hodari, na mwezi walioenda ulikuwa mzuri. Walifanya karibu kila kitu sawa na jiwe likachomoka. Hatari ya namna hiyo ipo, huwezi kuifuta, na mtu mzima ana haki ya kuikubali. Sikukatazi hiyo. Nakukataza kuongezea juu yake hatari ambazo mmezipanga wenyewe kwa sababu ofisi inafungwa Pasaka na kiongozi ni ghali. Akija mtu kuwaokoa, yeye hakukaa kwenye hesabu yenu ya gharama.

Sasa hiyo semina ya Naivasha. Hapa ndipo nimekasirika kidogo, na si kwa sababu ya dhambi ya uongo, hiyo utaenda kuungama kwenu. Unapoingia mlimani, unaandika jina getini, na mtu wa kwanza wa kugundua kwamba hujarudi ni yule anayekungoja nyumbani. Ukimwambia mama uko Naivasha, Jumatatu usiku wewe uko juu ya mwamba na mguu umevimba, yeye anajua uko hotelini unakula bufee. Jumanne ataanza kupiga simu. Atampigia nani? Ofisini watamwambia uko likizo.

Nilipoona umechagua Naivasha nilitikisa kichwa. Kwamba mama ataisikia na kupumua! Naivasha hiyohiyo, kwenye korongo la Hell's Gate, Aprili 2012 vijana 7 waliokuwa matembezini na kanisa lao walisombwa na mafuriko wakafa. Septemba 2019 watu wengine 7 wakafa vilevile. Mvua inaweza kunyesha mbali, mbingu juu yako ni safi, maji yakakukuta ndani ya korongo. Na hakuna mjomba anayeitisha kikao mtu akisema anaenda Hell's Gate na vijana wa kanisa. Familia huogopa kinachoonekana kwenye picha. Kwa hiyo usipime usalama wako kwa kelele zao, wala kwa kimya chao.

Mama yako ni jambo jingine, na ndiyo maana nimemwacha hadi hapa. Fikiria alivyojua: wifi yake ndiye aliyemtumia picha ya binti yake ananing'inia. Mwamba umemtisha, sikatai, lakini kuwa wa mwisho kujua mambo ya nyumba yake, tena kwa kuambiwa na wifi, kumemuuma zaidi. Mchukue Jumamosi moja mwende naye Lukenya. Mbebee kiti na chupa ya chai. Aone unavyokagua fundo la mwenzako na yeye analikagua la kwako kabla ya mtu kuinua mguu, aone kofia, akuone ukishuka taratibu. Hataupenda mchezo huo, lakini atakachokuwa anakiogopa kitakuwa kitu alichokiona. Ikishafika siku ya kwenda kweli, muachie karatasi: geti mnaloingilia, majina ya mlio pamoja, siku na saa ya kushuka, namba ya kiongozi, na saa ambayo ikipita bila simu yako aanze kupiga. Na kwa sasa umwambie kwa mdomo wako, “Mama, Pasaka siendi. Nitaenda kiangazi, na kiongozi.” Sentensi hiyo itafanya kazi kuliko picha zako zote za kileleni.

Karo umeiweka mwishoni kabisa, baada ya kusema umesahau. Hukusahau. Kabla ya kununua kamba nyingine, weka kando karo ya muhula huu na unaofuata, mahali ambapo mdogo wako anaweza kuifikia hata wewe ukiwa na plasta hadi nyongani. AMREF Flying Doctors wana uanachama wa kusafirishwa kwa ndege mtu akipata dharura. Waulize, na wakujibu kwa maandishi, kama unamhusu mtu aliye juu ya mwamba au unaanzia pale anaposhushwa hadi mahali ndege inapoweza kufika. Tofauti hiyo ni kubwa.

Wiki hii nenda Wilson ukawatafute Mountain Club of Kenya, chama cha wapanda milima, hapo uwanjani ndipo walipo. Wana watu waliopanda ukuta ule mara nyingi na watakuambia mengi kuliko simu. Na leo usiku mwandikie yule kaka. Mwombe radhi kwanza, halafu umuulize, “Bado nini?” Muulize kwa nia ya kujibiwa. Huenda atasema unahitaji kuongoza kamba, yaani kupanda wa kwanza, na si kufuata tu, au upande kilele kidogo cha Point John kwanza, au ulale kambi ya Mackinder's usiku mbili kabla ya kusogea juu. Mpango wa kuvuka hadi Batian nao uwekeni kando. Kupanda Nelion peke yake na kushuka salama kunatosha kwa mara ya kwanza. Huko kileleni kuna kibanda kidogo cha mabati alichokijenga Ian Howell mwaka 1970, akipanda peke yake safari baada ya safari kukiunganisha. Mtu huyo aliitwa kichaa na wengi, bila shaka, lakini nadhani hakuna aliyewahi kumwambia “bado”.

Nakuona huko Januari au Februari, kukiwa kukavu.

Kuhusu mpenzi wako anayenyamaza. Muulize kama yuko tayari jina lake liandikwe kwenye ile karatasi ya mama, awe mtu wa pili wa kupigiwa simu na walinzi wa mlima saa nane usiku. Atakachojibu kitakufundisha na mengine yasiyohusu mlima, ila hayo utaniandikia siku nyingine.

Bi Tatu